Majembe ya Wandera

Walisema sitaweza kuvaa viatu kutwa nzima. Hilo ndilo lililokuwa la kwanza. Walisema mtoto wa mama wa Merikit na baba wa Busia, aliyekua akichunga mbuzi mpakani, akipata viatu atavibeba begani mpaka mlangoni mwa ofisi ndipo avivae. Walisema sitapata cheti cha kizungu. Walisema nikikipata sitarudi nyumbani, na nikirudi, wote walionikopesha vitu vyao wavihesabu vimepotea. Haya yalisemwa vilabuni Busia na kwenye ua wa kanisa Tororo, na mengine niliambiwa usoni na katekista Yokana, ambaye viatu vyenyewe vilikuwa vyake.

Sasa nimestaafu. Wazungu wa kituo cha Tororo wanafunga masanduku yao, na ninyi vijana mtakaokalia viti vyao mmeniomba niwaandikie jinsi kazi ya upelelezi ilivyokuwa. Habari za vyeo vyangu sitaandika. Vimo kwenye faili, na asiyeamini akasome. Nitaandika zaidi juu ya kesi ya kilima cha wahunzi, kwa sababu ina mambo ambayo hayafundishwi katika diploma yoyote. Nina haki ya kusema hivyo, kwa kuwa diploma ninayo. Imetundikwa ukutani hapa ninapoandika, na muhuri wake mwekundu haujafifia.

Nianze na jinsi nilivyoipata. Nilipotaka kwenda Nairobi sikuwa na kitu. Mama mdogo Athieno wa Merikit alinikopesha mbuzi. Bwire, mvuvi wa Majanji, alinikopesha gunia la samaki wakavu. Yokana alitoa viatu. Wa nne alikuwa Wandera, mhunzi wa Kisamia aliyekaa kwenye kilima karibu na Busia, upande wetu wa Uganda, mahali ambapo baba zake walikuwa wakiyeyusha chuma tangu kabla Mzungu hajajulikana. Wandera alikuwa mtu wa maneno machache, na katika hayo machache mengi yalikuwa ya kukukemea. Alinipa majembe sita aliyoyafua mwenyewe.

"Sikupi," akasema. "Nakukopesha. Na jembe linarudi jembe, si shilingi."

Nikauza mbuzi, samaki na majembe njiani, nikafika Nairobi. Huko nilifagia ofisi moja iliyokuwa ikiweka alama za vidole vya wahalifu. Nilipomaliza kufagia nilisoma kilichobandikwa ukutani. Karani mmoja alipougua nikapanga kadi zake, na aliporudi akakuta zimepangwa vizuri kuliko alivyoziacha, jambo ambalo halikumfurahisha. Kisha nikaanza masomo ya upelelezi kwa posta, nikisomea chini ya taa ya barabarani kwa kuwa taa ya barabarani haina bili. Diploma ilikuja katika bahasha ndefu. Kama kuna mtu mwingine wa mpakani kwetu aliyeipata kabla yangu, ajitokeze. Nimengoja miaka yote hii.

Nikarudi. Wengine waliopata vyeti walibaki mjini wakaoa huko na kusahau lugha zao. Mimi nilirudi na lugha zangu zote: Kisamia cha baba, Kidhopadhola cha mama, Kiteso cha majirani, na Kiswahili cha pande zote mbili za mpaka, ambavyo, kama mnavyojua, ni viwili.

Siku ya kwanza kituoni Tororo, Inspekta wetu, Mzungu mwenye uso mwekundu na subira ndogo, aliinua diploma yangu juu akaitazama kwenye mwanga wa dirisha kama mtu anayekagua noti ya bandia. Kisha akanirudishia.

"Karatasi hii mzuri," akasema kwa Kiswahili chake. "Lakini karatasi hapana kamata mwizi."

Nilikuwa nimevaa viatu vya Yokana. Vilikuwa vikubwa, nimevijaza pamba mbele. Nilisimama navyo tangu asubuhi mpaka jua kuzama, na jioni nilipovivua vidole vyangu havikutaka kuachana. Lakini nilivivaa kutwa nzima. Iandikwe hivyo.

Aliyenifundisha kazi ni Sajini Emojong, Mteso mrefu aliyejua kusoma kama mimi na aliyejisifu kuliko mimi, jambo ambalo wengi hawaamini kama linawezekana. Siku hizo askari wengi walihoji watu kwa kiboko. Emojong alihoji kwa kiti. Alimleta mtu kivulini, akamwekea kiti kizuri, akamwagizia maji, kisha akakaa kimya. Alisema mtu akipigwa atakupa jibu unalolitaka, na hapo utakuwa umejihoji wewe mwenyewe. Mtu aliyekalishwa vizuri huanza kuchagua: pa kutazama, pa kuelekeza mgongo. Kazi yako ni kuona anachokikwepa. Kwa kiti hicho tulirudisha baiskeli nyingi zilizokuwa zikifichwa katika msitu wa Busitema na kuvushwa mpaka zikiwa zimebadilishwa namba. Mwizi wake alikuwa akijibu kila swali vizuri, lakini hakuwahi hata mara moja kuitazama baiskeli ya Emojong iliyoegemezwa mbele yake. Mtu asiye mwizi huitazama baiskeli.

Upande wangu nilileta vifaa: kioo cha kukuzia, brashi ya manyoya, unga mweusi wa kuchukulia alama za vidole, futi ya kupimia, na mkebe wa plasta. Plasta, kwa asiyejua, ni unga mweupe unaokorogwa na maji na kumiminwa kwenye alama ya mguu au ya gurudumu. Ukikauka unaunyanyua, na alama nzima unayo mkononi. Mpishi wa kituo aliuona ule mkebe, akaona unga mzuri kuliko wake, akakanda chapati. Zilikuwa chapati nyeupe sana. Hakuna aliyefaulu kuzikata, na kwa muda mrefu moja ilitumika kuzuia mlango wa stoo. Tangu siku hiyo wakaniita Bwana Diploma, na plasta ikaitwa unga wa Bwana Diploma. Uliobaki mkebeni ulikuwa kidogo sana. Ukumbukeni huo uliobaki.

Kisha ikaja dhahabu. Kampuni iliyochimba ilikwisha kufungasha na kuondoka, kwa hiyo sina haja ya kuitaja jina. Mambo yalikwenda hivi. Kampuni ilipewa kibali na serikali, ikapigilia vigingi kwenye pembe za eneo lake, na ndani ya vigingi hivyo ikachimba. Nje ya vigingi haikuruhusiwa. Tena kulikuwa na sharti: penye makao na makaburi ya wenyeji, vigingi visipigiliwe bila wenyeji wenyewe kukubali. Sharti zuri, lakini lilikuwa na mlango wa nyuma. Ukiweza kuonyesha kwamba wanaokaa mahali si wenyeji bali ni wageni waliovuka mpaka juzi, makaburi yao hayahesabiwi.

Vigingi vya kampuni vilikuwa bondeni, karibu na kinamasi. Siku moja watu walipoamka vikawa juu ya kilima, vimezunguka nyumba ya Wandera, tanuri lake na makaburi ya baba zake. Muda mfupi baadaye Owor, mfanyakazi wa kampuni aliyekuwa akitunza vigingi, alikutwa amekufa ndani ya handaki la kuchimbia, kichwa kimepasuka. Chifu wa sehemu ile alimkamata Wandera siku hiyohiyo. Alisema Wandera alimsukuma Owor kwa hasira ya ardhi, na kwamba yupo shahidi aliyeona kwa macho yake. Wandera akaletwa mahabusu Tororo, akingoja lori la Jumamosi limpeleke Jinja kwenye korti kubwa. Kosa lile adhabu yake ilikuwa kitanzi. Mwenye kilima akinyongwa, na watu wake wakiitwa wageni, kilima hakina wa kukitetea.

Nilikwenda kwa Inspekta, nikamwambia wazi kwamba mtu huyu ananidai majembe sita, ili asije akasikia kwa wengine. Alicheka mpaka akakohoa.

"Basi yeye kufa, deni yako kwisha," akasema.

Lakini nikamweleza kwamba kule kuna Wasamia, kuna Wajopadhola, kuna Wateso, kuna watu wa upande wa Kenya, na katika kituo kizima anayeweza kuongea na wote bila mkalimani ni mimi, mwenye diploma. Akanipa mpaka Jumamosi.

Nilianza mahabusu. Wandera alikuwa ameketi sakafuni. Hakunitazama usoni, alinitazama miguu.

"Viatu vya Yokana hujarudisha bado?"

"Nitarudisha, mzee. Nimekuja kwa habari ya Owor."

"Owor alikuwa akipita kwangu kunywa maji. Siku ile alikuja kuniambia kwamba vigingi vimehamishwa usiku na kwamba atakwenda Entebbe kuwaambia wakubwa wa madini. Nikamwambia angalia usiende peke yako." Akavitazama tena vile viatu. "Wewe Ojiambo, mimi nife nisife, wasichimbe pale alipolala baba yangu."

Sikumwahidi. Diploma inakataza kuahidi. Lakini nilipanda baiskeli siku hiyohiyo nikaenda Busia.

Chifu alinipokea kwa chai. Alikuwa na kanzu nyeupe na koti la gharama, na alizungumza nami kama mtu anayezungumza na karani wake. Akasema watu wa Wandera ni Wakenya, walivuka mto wa mpakani juzi tu kukimbia kodi. Nilipouliza juzi ni lini, akacheka.

"Hata wewe, Bwana Diploma, hatujui ni mtu wa wapi. Huko Kenya wanasema wewe Mganda. Hapa tunasema umetoka Kenya. Mtu kama wewe atajuaje nani mwenyeji?"

Nilimjibu kwa adabu, kwa kuwa chai ilikuwa yake. Nilimwambia baba yangu alijenga upande huu wa barabara na baba yangu mkubwa upande wa pili, na walipokuja watu na minyororo ya kupimia mpaka, baba mkubwa akawa wa nchi nyingine bila kunyanyua mguu. Waliendelea kuazimana chumvi. Nikamwambia ndiyo sababu mimi hasa ndiye niliyetumwa.

Nje alinisubiri msimamizi wa wachimbaji, mtu wa kampuni, mnene, mwenye fimbo. Aliniambia mtu mwenye elimu kama yangu hafai kuchoka na baiskeli, akanionyesha pikipiki iliyosimama penye kivuli, akasema ingeweza kuwa yangu ikiwa kazi yangu haitachelewesha lori la Jumamosi. Nilimshukuru, nikamwambia pikipiki zinanitia vumbi kwenye viatu, na viatu ni vya watu. Kisha nikaandika maneno yake yote, mbele yake, nikamwomba asubiri niyasome kwa sauti ili aone kama sijakosea. Hakusubiri.

Nikapanda kilimani. Mke wa Wandera alinionyesha makaburi na tanuri. Nikaomba jembe nikachimba kando ya kaburi la zamani kabisa, lile ambalo mti umeota juu yake mpaka mizizi imelikumbatia. Chini ya mizizi nilikuta mavi ya chuma, yaani yale makapi meusi mazito yanayobaki chuma kikiyeyushwa. Nikaendelea kuchimba. Yakaendelea. Tabaka juu ya tabaka, mpaka shimo likanifika kiunoni. Watu waliovuka mto juzi hawawezi kuacha makapi chini ya mizizi ya mti mzee. Nikajaza mfuko.

Lakini hayo yalisema tu kwamba kilima ni cha Wandera. Hayakusema kwamba Wandera hakuua. Ilibaki kuzungumza na shahidi.

Shahidi aliitwa Jakobo. Chifu alisema ni mchimbaji aliyetoka machimbo ya Kakamega kutafuta kazi, mpita njia, mtu asiye na ndugu wala shamba huku, kwa hiyo hana sababu ya kudanganya. Nikaomba kumhoji palepale kwenye ua wa chifu, penye kivuli, na nikamwekea kiti kama alivyonifundisha Emojong.

Jakobo hakukitaka kiti. Alikaa juu ya jiwe karibu na lango, juani, akaupa mgongo upande wa jikoni. Jasho lilikuwa likimtiririka, na kivuli kipo, na kiti kipo. Nikaliweka hilo akilini. Nikamwambia aeleze.

"Mimi nakwenda kwa njia, nakuta Wandera nasukuma ile mtu ndani ya shimo. Mimi naogopa, nakimbia."

Alieleza hivyo mwanzo mpaka mwisho, bila kukosea hata neno, kama mtoto anayesoma katekisimu. Lakini mtu wa Kakamega hasemi "ile mtu" wala "nakwenda" kwa jambo la juma lililopita. Nimekaa Nairobi na watu wa Kakamega, tumelala chumba kimoja, najua wanavyosema. Kiswahili cha Jakobo kilikuwa cha soko la Tororo. Huyu alikuwa wa kwetu, na anakataa kuwa wa kwetu. Kwa nini? Na jikoni kuna nini?

Jikoni alikuwamo mke wa chifu, mama mtu mzima, tuliyemwita Mama Nabwire kwa jina la binti yake. Nilikuwa nimesikia sokoni kwamba Nabwire ameolewa, lakini hakuna aliyenitajia mume. Hapo nikaelewa, na nakiri nilifurahi sana ndani ya moyo wangu, kwa kuwa hili halikuwamo katika somo lolote la posta. Nyinyi mliooa mnajua. Mtu wa kwetu hamtazami mama mkwe wake machoni. Hampi mkono, hali mbele yake, na wakikutana njiani mmoja huingia porini. Mimi mwenyewe niliwahi kujitupa katika shamba la wimbi nikiwa na sare ya serikali na kofia.

Nikaita kwa sauti ya heshima kuelekea jikoni. "Mama, kijana wako nina kiu. Nisaidie maji, na huyu mgeni wa Kakamega umletee pia."

Chifu alikuwa barazani, akasimama haraka, lakini alichelewa. Mama Nabwire alitoka na kibuyu mkononi. Jakobo akaruka kutoka jiweni kama aliyekanyaga siafu, akajibanza nyuma ya ghala ya wimbi. Na yule mama, alipomwona, akajifunika uso kwa kanga, akakiweka kibuyu chini palepale, akageuka nyuma. Hakuna aliyewafundisha wala kuwaonya. Miili yao ilifanya yenyewe.

"Jakobo," nikasema, "unakwenda wapi?"

"Nakwenda kojoa, Afande."

"Rudi. Wewe ni mpita njia, huyu mama humjui. Nitamwomba atoke tena, mkae wote hapa mbele yangu, mle uji pamoja. Ukila uji mbele yake, nitaamini umetoka Kakamega."

Nilingoja. Chifu alisema kitu kuhusu mila na upuuzi, sauti yake ikiwa nyembamba. Jakobo alitokeza kichwa nyuma ya ghala, uso umelowa. Alikuwa ameapa kwa Biblia mbele ya karani wa chifu, na kiapo hicho hakikumsumbua hata kidogo. Huu uji ulimshinda.

"Afande, funga mimi," akasema. "Kama nakwenda jela, nakwenda. Lakini usinikalisha mbele ya huyu mama."

Nikampeleka mbali na ule ua, chini ya kivuli kingine, nikampa kile kiti. Safari hii alikaa. Jina lake lilikuwa Okumu, mume wa Nabwire. Chifu alikuwa amemwahidi shamba kwenye kilima, kampuni ikimaliza. Alieleza kwamba yeye na msimamizi ndio waliong'oa vigingi bondeni, yeye akivibeba, wakavipigilia juu kilimani. Owor aliwafuata mpaka kwenye handaki akawaambia atakwenda Entebbe. Msimamizi alimpiga kichwani kwa nyundo ya vigingi, akamsukuma ndani. Chifu akaambiwa, na chifu ndiye aliyetunga habari ya mpita njia wa Kakamega.

Ninyi vijana mtasema kesi imekwisha. Haikwisha. Inspekta wangu angeuliza, na jaji angeuliza, kwa nini niamini maneno ya mtu ambaye jana alisema mengine? Kukimbia mama mkwe si ushahidi kwa Mzungu. Huko kwao nasikia wanakaa naye meza moja.

Kwa hiyo nilimwambia Okumu anionyeshe mahali hasa vigingi vilipokuwa. Tulishuka bondeni. Matundu yalikuwa bado yapo, yamefunikwa majani, wala mvua haikuwa imeyabomoa, kwa kuwa udongo wa kinamasi ukikauka hushika kama saruji. Nikafungua mkebe wangu. Plasta iliyoponea chapati ilitosha tundu moja tu. Nikaikoroga kwa uangalifu ambao sijawahi kuutumia kwa kitu kingine maishani, nikaimimina, nikaketi kuilinda na kuku wa jirani. Ilipokauka nikaivuta polepole. Ilikuwa kigingi kamili cha plasta, na ubavuni ina kovu, mahali ambapo fundo la mti lilikuwa limepasuka. Nikapanda nayo kilimani. Kigingi kilichosimama kichwani mwa kaburi la baba yake Wandera kilikuwa na kovu lile lile, upande ule ule. Nikaking'oa.

Niliweka vigingi viwili juu ya meza ya Inspekta siku ya Ijumaa, kimoja cha mti na kimoja cheupe, na mfuko wa makapi kando yake. Alivishika, akavigeuza, akavilinganisha kwa ukucha. Kisha akatoka nje, akamwambia dereva wa lori asijaze mafuta ya safari ya Jinja, Wandera haendi. Aliporudi aliitazama diploma yangu, ambayo nilikuwa nimeitundika nyuma ya meza yangu, muda mrefu kidogo.

Msimamizi alikamatwa kwenye kizuizi cha Busia akiwa juu ya ile pikipiki. Kortini mambo yalikwenda vizuri isipokuwa mahali pamoja. Niliposema kwamba mavi ya chuma yanathibitisha uenyeji wa ukoo wa Wandera, mkalimani alisita, kisha akamnong'oneza jaji, na jaji akauliza kwa uso mzito mavi hayo ni ya nani. Nilieleza. Wandera, kizimbani, alitikisa kichwa kama mtu aliyechoshwa na serikali zote. Lakini maneno yaliingia katika hukumu: kwamba watu wa kilima kile ni wenyeji tangu kabla ya mpaka kuwapo, na kwamba vigingi virudi bondeni. Chifu alivuliwa kiti, na kilichofuata kilikuwa cha gereza. Okumu alifungwa muda mfupi kuliko wenzake kwa kusema kweli, na alipotoka nasikia alimjengea mama mkwe wake jiko jipya, akilijenga siku ambazo mama hayupo. Kampuni ilichimba bondeni miaka michache, dhahabu ikapungua, ikaenda zake. Kilima kipo. Mkipita barabara ya Busia mtakiona upande wa machweo.

Nilipomaliza kesi ile nikaamua kuwalipa wote siku moja, mahali pamoja, mbele ya watu wale wale waliosema sitaweza. Nikawaita kilimani kwa Wandera. Yokana nilimpa viatu vipya kutoka Kisumu, vyenye ngozi inayong'aa, na vya kwake nikamrudishia pamoja na pamba. Mama mdogo Athieno nilimpa mbuzi na mtoto wake, akanibariki kwa Kidhopadhola mpaka nikaona haya. Bwire wa Majanji nilimpa gunia la samaki wakavu nililonunua sokoni Tororo. Alilifungua, akanusa, akacheka.

"Hawa mimi ndiye nilivua," akasema. "Nimewauza wiki jana." Lakini aliwapokea.

Akabaki Wandera. Nilimwekea mbele majembe sita mapya ya dukani, yenye chapa ya kiwanda cha Uingereza. Akayagonga moja moja kwa ukucha, akasikiliza, akayasukuma pembeni kwa mguu.

"Haya hayalii."

"Mzee," nikasema, "mimi nimekutoa kwenye kitanzi."

"Hiyo ni kazi yako. Serikali imekulipa mshahara. Mimi nilikukopesha majembe ya kilima hiki. Nilikwambia nini siku ile?"

Watu walikuwa wakinitazama. Wandera alikwenda kwenye tanuri, akaanza kupanga makaa, kisha akanionyesha mivukuto, ile mifuko ya ngozi ya kupulizia moto, akanionyesha pa kukaa. Nilitazama viatu vyangu, viatu vyangu mwenyewe sasa, nilivyovinunua Kisumu siku moja na vya Yokana. Moto wa mhunzi hauheshimu ngozi iliyopakwa rangi. Nikavivua, nikaviweka juu ya jiwe.

"Nilisema," Yokana akawaambia wengine, akiwa amevaa vya kwake. "Nilisema kutwa nzima hataweza."

Wakacheka, na mimi nikacheka, nikakaa chini nikapuliza. Tulifua jembe moja siku ile, na mengine siku za mapumziko zilizofuata. Wandera akipiga, mimi nikipuliza na kugeuza, na akinikemea kwa kila pigo nililochelewa. Mikono ilinichubuka pale ambapo kalamu haifiki. La sita lilipopoa, akaliinua kwa kidole kimoja, akaligonga kwa ukucha. Likalia, mlio mrefu safi ambao mke wake aliusikia jikoni akatoka nje.

Wandera alisikiliza mpaka mlio ukaisha. Kisha akanitazama miguu, iliyokuwa myeusi kwa makaa mpaka magotini.

"Hili ni la hapa," akasema. "Hatudaiani."